Mkunga wa Ng'ambo

"Waheshimiwa, kwa heshima na taadhima, nasimama mbele yenu nikiwa na majonzi makubwa..."

"Majonzi ya wapi, wifi?" Tausi alicheka huku akimsuka Sikudhani nywele. "Hapo wote wameshasinzia, na daraja letu limesinzia nao."

Sikudhani alinuna. Alasiri hiyo alikuwa akaliombe baraza la mji daraja la kuvukia mto kwa miguu, na kila alipoipamba hotuba yake, Tausi alimvuta nywele.

"Simulia kama unavyosimulia sokoni."

"Sokoni huwa nachekesha!"

"Basi chekesha."

Alasiri Sikudhani akasimama ukumbini.

"Siku niliyomzaa binti yangu mto ulifurika," akaanza, "na mkunga alikuwa ng'ambo, mimi ukingoni huku. Akawa ananipigia kelele nisukume. Maji yanavuma, mimi sisikii. Nikadhani ananiaga, nikampungia mkono."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sikudhani naye akatabasamu, akangoja. Kicheko kikafifia safu baada ya safu, mpaka ikabaki sauti ya feni.

Mwenyekiti, aliyekuwa bado anafuta machozi ya kucheka, akashusha leso polepole. Akavuta kiti chake mbele.

"Mama," akasema, "huo mto una upana gani?"