Pazia la Magunia

Wanjugu alitia punje ya hindi kwenye kona ya gunia, akaizungushia katani, akakaza fundo kwa meno.

"Mama, hayo si ya viazi," akasema Khaemba, mtunza uwanja, huku akicheka. "Pazia la uwanja lina haja gani ya masikio?"

"Mkono umezoea, mzee."

Kwao Dundori kila nyumba ilifunga kona za magunia kwa namna yake, yasije yakachanganyika sokoni. Fundo la punje lilikuwa la mama yake. Hapa mjini hakujua mwingine aliyelifunga.

Jumamosi Uganda ingecheza na Kenya hapa Nakuru, katika mashindano ya nchi za Afrika Mashariki, na uwanja ulizungukwa na seng'enge tupu. Khaemba alitaka magunia pande zote, asiyelipa asione hata kisigino cha mchezaji. Wanjugu aliikubali kazi kabla ya kuuliza malipo. Alitaka tu kuingia humu.

Humu ndimo wanaume wa mtaa wao walimokusanywa siku ya msako wa askari, kuwatafuta wanaowasaidia wapiganaji wa msituni, mwaka uliopita. Asubuhi ile mumewe, Thuo, alitoka mapema kwenda kutafuta makaa, naye Wanjugu akaenda Milimani kufua nguo za wazungu. Hakumwona tena. Alichotaka sasa ni kujua tu: yu hai, au ana kaburi?

"Nionyeshe waliposimama," akamwambia Wangui, jirani yake, aliyeshona kando yake. Wangui aliyaona yote siku ile kupitia seng'enge.

Wangui akanyoosha kidole golini. "Walipangwa kuanzia mlingoti ule. Mtu aliyevikwa gunia akapita mbele yao, unaona macho tu. Akikutikisia kichwa, unapanda lori. Mume wangu Kahiga alitikisiwa. Mstari ule wote walitikisiwa, isipokuwa Naftaly, nduguye Thuo. Hapo gunia lilisimama, wee, mpaka askari akalisukuma. Ndipo likapita."

"Mungu alimficha Naftaly."

"Labda."

"Na Thuo alisimama wapi?"

"Dada, nimekwambia mara ngapi? Sikumwona. Labda walimshika barabarani."

Kahiga alikuwa ameachiliwa kutoka kambi ya kizuizini mwezi uliopita. Yeye naye alisema hivyo hivyo: kila kambi aliyopitia aliulizia, na hakuna aliyemjua Thuo.

Khaemba akarudi na mzigo wa magunia makuukuu kutoka stoo iliyo chini ya jukwaa, akaubwaga.

"Haya ndiyo ya mwisho. Yenye matundu yazibeni. Sitaki mtu atazame Uganda bure!"

Wangui akainua moja, akalitupa kama limemwuma. Lilikuwa na matundu mawili, yamekatwa kwa kisu, yakikutazama sawasawa.

"Ni lile!" Akalitemea mate. "Lichomwe! Aliyelivaa aliondoka kwa Landrova, amekaa mbele na bwana mkubwa, sisi tukabaki na vilio. Sijui leo anashiba wapi, mbwa yule."

"Likichomwa, pale kwenye kona patabaki wazi," Khaemba akasema kwa upole. "Hakuna lingine."

"Lete," akasema Wanjugu. "Gunia halina kosa."

Akalitandaza magotini, akakata kiraka, akaanza kushona tundu la kwanza. Alishona polepole, kwa mishono ya karibu karibu. Wangui alimpa mgongo, asilione. Jua likashuka nyuma ya jukwaa, na Khaemba akaanza kuchezesha funguo zake.

"Mama, na hilo jicho lingine?"

Wanjugu alikuwa amelivuta gunia ili aligeuze, na mkono wake ukawa umetulia kwenye kona.

"Umechoka, dada," Wangui akasema. "Lete nijikaze nikumalizie, twende."

"Kesho."

"Si kiraka kimoja tu?"

"Nimesema kesho, Wangui." Akalikunja upesi, kona ile ikiwa bado imefumbatwa kiganjani.

Chini ya kidole chake kulikuwa na fundo la uzi mwekundu alioufumua kwenye sweta yake mwenyewe, na ndani yake punje ya hindi. Alilifunga kwa meno asubuhi ile ya msako, akampa Thuo gunia la kutilia makaa.