Mikono ya Shomvi

Siku hizi kumfundisha mtu mchezo wa kompyuta hakuna kupigiana kelele. Unavaa kitambaa kichwani, na yeye anavaa chake, halafu unamwazimisha mazoea ya mikono yako. Kidogo tu lakini, ndiyo desturi. Mengine mwache akosee mwenyewe.

Shomvi, kijana aliyemaliza shule na hajui kutulia, alikuwa kiongozi wa timu. Mganga wao, wa kuponya majeruhi pangoni, alikuwa shangazi yake Mwanahawa. Kila joka likinguruma, shangazi mbio.

"Simama nyuma ya ngao, shangazi!"

"Simama wewe! Linanitazama mimi!"

Wakifa tena tu, timu inafutwa, na Shomvi mtaani hana kingine anachojulikana nacho. Akaona isiwe tabu, wakavaa vitambaa, akamwachia mazoea yake yote.

Jamani! Shangazi alisimama kama nguzo. Joka linatema moto, yeye anamponya huyu, anamfufua yule, huku anapiga mluzi kama Shomvi, na tangu azaliwe hajawahi kupiga mluzi. Timu nzima midomo wazi. Joka likaanguka, pango likawaka dhahabu mpaka kwenye paa, na Shomvi machozi yakamtoka.

Wakavua vitambaa. Mara mama yake akaita kutoka uani, "Shomvi!"

"Naam, mama!" Shangazi akawahi kutoka.

"He! Wifi, nimemwita mwanangu."

Shangazi akasimama palepale, akamtazama usoni, hacheki.

"Si ndiyo nimekuja, mama."