Pua ya Fundi Rangi

Fundi rangi ndiyo kwanza alikuwa amevua kiatu kimoja, mkewe akamwambia afumbe macho, akamsogezea kitu puani kama kila jioni.

Miaka kumi na miwili ya kupulizia magari rangi bila barakoa, na kunawa mikono kwa tina ya kuyeyushia rangi, ilikuwa imeiua pua yake. Tangu daktari amwachishe kupuliza, miezi mitatu sasa, mkewe alikuwa akimjaribu kwa sabuni, kahawa, hata mafuta ya taa. Wapi!

"Haya, Baba Pacha. Nini hiki?"

Akavuta pumzi. Uso ukamkunjamana.

"Soksi."

"Soksi? Nimeshika kitunguu, mume wangu. Usibahatishe."

"Mama Pacha, soksi zangu zinanuka! Zinanuka kama panya aliyefia kabatini!"

Kitunguu kikamponyoka mama wa watu, kikabingirika hadi chini ya kitanda. "Miaka yote nakwambia, unasema nakusingizia!"

"Nisamehe," akasema, akicheka huku machozi yakimlengalenga.

Mkewe akamvua ile soksi kwa ncha za vidole, akaziba pua yake mwenyewe, akamsogezea.

"Nusa tena," akamwambia. "Nusa, nisikie ukisema."