Chakula cha Wazamiaji

Mtumbwi ulirudi peke yake, bila mwenyewe, ukielea taratibu, kasia limefungwa kwa kamba ndani yake. Mkewe alilitambua lile fundo la mumewe. Alikaa chini kwenye tope akalia mpaka sauti ikakauka.

Mto ule hupinda mara tatu kati ya vijiji viwili. Kijiji chao kiko juu, kwenye udongo mwekundu. Kile cha pili kiko ng'ambo, penye matete, kwenye kona ambako maji hupunguza mwendo na kutema kila yalichobeba: magogo, mbuzi, watu. Ndiyo maana mtu akizama, wanaume wa kule ndio huzamia kumtafuta, na wafiwa huwapikia mpaka mwili upatikane.

Mkewe alipika. Mvushaji, rafiki wa mumewe tangu utotoni, ndiye aliyepeleka sufuria.

“Shemeji, wamempata?”

“Bado. Ila hawajachoka, wanazamia kila siku.”

“Leo nivushe, nikaone mwenyewe.”

“Ukaone nini? Ukiangua kilio pale, nani atapata moyo wa kuzamia? Wewe pika, mambo ya maji tuachie sisi.”

Akapika. Alichotaka ni kaburi tu, apate mahali pa kwenda kulia. Unga ulipopungua, alipunguza sahani za watoto ili sufuria ya ng'ambo isipungue.

“Mama,” aliuliza kitinda mimba, “hao watu wanaokula hivyo, kutafuta wanatafuta saa ngapi?”

“Nyamaza. Wanamtafuta baba yako.”

Siku aliyomchinja kuku wa mwisho, watoto walipata mchuzi mtupu. Mapaja yote mawili yalivuka mto.

Ng'ambo, mvushaji alitua sufuria kwenye kibaraza cha nyumba mpya ya matete. Mwenye nyumba alitoka amebeba kichanga begani, akafunua kifuniko, akachovya kidole na kulamba.

“Miaka yote niliyokaa na yule mwanamke, chumvi ilimshinda,” alisema. Mke wake mpya akacheka huko ndani. “Mwambie wazamiaji wamelalamika.”

Mvushaji alifikisha ujumbe. Siku hizi mama watoto huonja kwanza, kisha huongeza chumvi.