Mgomo wa Kula Mbele ya Ukumbi wa Sulochana

Siku ya tatu bila chakula, Vasantrao Ghorpade bado alikuwa na nguvu za kusimulia kila kilichomuudhi.

"Tajiri mzima anajifanya maiti ili asigharamie harusi ya bintiye!" alifoka kwenye kipaza sauti. "Ndugu wanaligombania jino lake la dhahabu, naye anamng'ata mjomba kidole! Hii ni sinema ya kuchekesha? Mfanyabiashara wa Kolhapur ni wa kuchekwa hivi, saa sita, saa tisa na saa kumi na mbili?"

Umati ulicheka. Akawakemea kwa kicheko chao.

Alikuwa amekaa kwenye godoro jembamba kando ya barabara, shada la maua ya manjano shingoni, hatua chache kutoka dirisha la tiketi la ukumbi wa sinema. Skafu yake ya rangi ya chungwa, rangi ya chama cha wenye maduka, ilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Alijiunga nacho Jumatatu. Jumanne akatangaza kwamba hatakula mpaka sinema hiyo ya uroho iondolewe.

Kolhapur nzima ilimjua Vasantrao, ila hakuna aliyekuwa na hakika anaamini nini wiki hii. Ujanani alibeba bendera nyekundu, akalala rumande kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha sukari. Alipofika arobaini aliiweka chini, akavaa pamba ya kusokotwa kwa mkono na kuhubiri kwamba mabadiliko huanzia moyoni. Sasa ana miaka sitini na minane, na skafu.

"Vasanta!" Dattoba, mwenzake wa enzi za bendera nyekundu, alisimamisha baiskeli. "Si wewe uliyetufundisha kwamba uroho ni ugonjwa wa matajiri? Leo umekuwa wakili wa ugonjwa?"

"Mtu asiyebadili mawazo hana mawazo, Dattoba."

"Lakini wewe unayabadili kama soksi, bwana! Tena soksi bado hazijanuka!"

Watu wakaangua kicheko. Vasantrao akainamisha kichwa, akajishughulisha na maua yake.

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa kwa kishindo. Alitoka mwenyewe mwenye ukumbi, mjane Indumati Karkhanis, mikono kiunoni. Hali yake ilijulikana na wote. Ukumbi wa Sulochana aliachiwa na mumewe, na kwa miezi mingi popo walikuwa wengi kuliko watazamaji. Shemeji yake, mwenye kiwanja, alimpa nafasi ya mwisho: viti vijae kila siku mpaka Jumapili, la sivyo Jumatatu matingatinga yanaingia kuubomoa.

"Huna haya, kaka Vasant?" alisema. "Polisi walipokuwa wakikusaka, nani alikuficha nyuma ya pazia la sinema? Mume wangu! Siku tisa, anakulisha kama mtoto! Leo umekuja kunizika?"

"Mumeo alikuwa mtu mwema," alijibu Vasantrao, bado kwenye kipaza sauti. "Lakini sinema hii ni mbaya, dada. Hasa baada ya mapumziko. Baada ya mapumziko ni aibu tupu!"

Watu wakatazamana. Mmoja akajikohoza na kusogea dirishani, kwenda kuikagua aibu hiyo kwa macho yake. Wengine wakamfuata.

Ijumaa mchana hakuna aliyecheka. Midomo ya Vasantrao ilikuwa imepasuka, na daktari alimpima mapigo mara mbili akitikisa kichwa. Inspekta Mane alimvuta Indumati pembeni.

"Mama, maliza jambo hili. Mzee akifia hapa mji utawaka. Iondoe hiyo sinema, mpe glasi ya kinywaji kwa mkono wako, apigwe picha, aende nyumbani."

Ndivyo mgomo wa kula unavyokwisha siku zote: kwa glasi, kutoka mkononi mwa yule uliyemgomea. Indumati akaleta maji ya ndimu. Wapiga picha wakasukumana. Mjane akapiga magoti kando ya godoro, akainama mpaka mtandio wa sari ukawafunika nyuso wote wawili.

"Kunywa, kaka," alinong'ona. "Nakusihi. Watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, toka Jumatano. Imetosha. Acha waubomoe, mimi sitaki ukumbi wa kukuua."

"Leo siku gani?"

"Ijumaa."

"Basi bado siku mbili." Akaipiga glasi, ikamwagika yote barabarani, na umati ukaguna. "Sasa nitukane, dada," alinong'ona. " Kwa sauti. Wale wa nyuma hawasikii."