Kanga ya Safari

Kanga ilimzunguka mama yake hata Mwatima akabaki na pindo refu mkononi, asijue alichomeke wapi. Ndiyo kanga ile ile ambayo zamani, mama akienda kufunga mwani baharini, ncha zake zilikutana kwa shida kiunoni mwake.

Nje, gari la kuwapeleka hospitali mjini lilipiga honi.

"Mwanangu," mama akasema polepole, "huko nnakwenda kutibiwa, au nnakwenda tu?"

Mwatima alifungua mdomo aseme inshallah utapona. Badala yake akalishika tena lile pindo. Safari iliyopita walirudi na dawa kali zaidi, na mama akalala wiki nzima hataki hata chai. Ndipo alipomkumbuka yule nesi aliyemwita pembeni wodini: "Siku matibabu yakimtesa kuliko maradhi, nipigie. Tunawafuata wagonjwa majumbani. Hatuponyi, lakini maumivu tunayatuliza."

Siku yenyewe ndiyo hii.

Akaifungua kanga taratibu, akamlaza mama upande wa dirisha, upepo wa pwani unakoingilia. Mama akashusha pumzi, uso ukamkunjuka kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Mwatima akatoka, akamwambia dereva aende zake. Akapiga simu pale pale mlangoni.

"Nesi, ni mie wa Jambiani. Mama haji tena huko. Njoo wewe."

"Mwambie asile kwao!" mama akadakia kutoka ndani, kwa sauti ambayo Mwatima hakuisikia tangu Ramadhani. "Leo bamvua, maji yametoka mbali, pweza hakosekani!"