Ngiri Aliyetaka Kuchumiwa Dawa

Zamani, tena si za mbali sana, ngiri walihamia karibu na mashine ya kusaga. Pumba zilimwagwa kila siku, wakala wamelala. Haukupita mwaka, ukoo mzima ukawa unahema. Hata watoto walipumzika katikati ya mchezo.

Mkubwa wao, Ngiri Mataya, alimwita mganga Nungunungu.

"Dawa ipo," alisema Nungunungu. "Ni jani la juu ya kilima kile. Litafune kila siku. Sharti lake moja tu: ulichume mwenyewe."

"Kwa magoti haya?" Mganga alipoondoka, Ngiri alimgeukia mkewe, Bi Mashavu, aliyekuwa akihema kuliko yeye. "Mama watoto, nichumie."

Siku ya kwanza Bi Mashavu alitoka alfajiri akarudi jua la utosi. Baada ya miezi miwili alikuwa akirudi kabla umande haujakauka, mbio, mkia wima. Ngiri, aliyetafuna majani yote, alishindwa kuinuka bila kuegemea ukuta.

"Mwizi!" alifoka. "Unakula dawa yangu njiani!"

"Sijaonja hata moja," mkewe alijibu. "Na jani ninalolifuata kilimani kila siku ni hilihili lililoota mlangoni pako."

Ngiri alilitazama jani, akautazama mkia wa mkewe, kisha akakitazama kilima.

Kesho yake alikwenda mwenyewe, akapumzika njiani mara tisa. Siku iliyofuata alipumzika mara nane, na nyuma yake ukoo mzima ulikuwa unapanda, unahema.